BILL BENENSON, WAHADZABE NA SISI WA MBULU NA HANANG: NANI AMESHIKA KAMERA?

Haya wadau, leo tuachane kidogo na siasa za madiwani na bei ya vitunguu, tuongee filamu. Najua wengine mtasema filamu ni mambo ya starehe. Subirini, mwisho wa siku tutajikuta tunaongelea ardhi.

Ukikaa kwenye kompyuta yoyote yenye intaneti ukaandika neno "Hadza", zitamwagika video mpaka uchoke. Mzungu anakula asali na nyuki wake. Mzungu anafundishwa kurusha mshale. Mzungu anakula nyani, anakunja uso, watazamaji wanacheka. Sehemu kubwa ya picha hizo zinatoka bonde la Yaeda wilayani kwetu Mbulu, na upande wa Ziwa Eyasi kule Karatu. Dunia nzima inaijua Yaeda kuliko inavyoijua Haydom, Dongobesh au Katesh. Ila jiulize, ni video ngapi kati ya hizo zimeongozwa na mtu wa hapa? Na ni ngapi zimewahi kuoneshwa Yaeda Chini kwenyewe, watu wakakaa wakajiangalia?

Mimi leo sitaki kuhangaika na vijana wa YouTube. Nataka tumwangalie mmoja aliyekuja na kazi ya uzito wake. Anaitwa Bill Benenson, Mmarekani, ndiye dairekta wa filamu ya mwaka 2014 inayoitwa The Hadza: Last of the First. Kwa Kiswahili chetu tuseme "Wa Mwisho katika wa Kwanza". Hoja yangu ni kwamba huwezi kuielewa vizuri hiyo filamu mpaka uangalie kazi zake zote, maana ana tabia yake inayojirudia. Ukishaiona hiyo tabia, unaelewa kwa nini Yaeda imeoneshwa vile ilivyooneshwa.

BENENSON NI NANI?

Huyu bwana hakuanza na Hollywood. Alikwenda Brazil kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, hawa hawa ambao wengi wetu tumefundishwa nao hesabu na fizikia sekondari. Brazil ikamwingia moyoni, na mwaka 1977 akatoa dokumentari ya televisheni iitwayo Diamond Rivers, kuhusu watu wanaochimba almasi mitoni. Yaani tangu mwanzo kabisa alivutwa na mtu wa chini anayeishi kwa kutegemea ardhi na bahati yake.

Mwaka 1979 akawa prodyuza wa Boulevard Nights, filamu ya kuigiza iliyoongozwa na Michael Pressman, kuhusu vijana wa Kimarekani wenye asili ya Mexico mashariki mwa Los Angeles. Ndugu wawili, magari ya mbwembwe, magenge ya mtaani. Hiyo tutairudia, ina somo kubwa.

Mwaka 1990 akawa mtayarishaji mtendaji wa Mister Johnson, iliyoongozwa na Bruce Beresford na kupigwa Nigeria. Ni hadithi ya karani Mwafrika anayempenda sana mkoloni wake mpaka inamponza. Yumo Pierce Brosnan kabla hajawa James Bond, lakini aliyeibeba filamu ni kijana Maynard Eziashi, na mwaka 1991 akapewa Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin.

Halafu 2009, yeye na Gene Rosow wakaongoza Dirt! The Movie. Filamu nzima ni kuhusu udongo! Udongo huu huu tunaoukanyaga na kuulima. Humo yumo mama yetu Wangari Maathai wa Kenya, anasimulia kile kisa cha ndege mdogo aliyekuwa anazima moto wa msitu kwa matone ya maji, huku tembo na wenzake wakimtazama tu. Filamu ilioneshwa Sundance, baadaye ikaingia kwenye televisheni ya umma ya Marekani.

Kisha akageukia Honduras. Yeye na wenzake walitafuta mji wa kale kwenye msitu wa Mosquitia, wakarusha ndege yenye kipimo cha leza mwaka 2012, na mwaka 2015 watafiti wakaingia kwa miguu. Mwandishi Douglas Preston akatoa kitabu mwaka 2017, na Benenson akatoa filamu. Jina la habari hiyo likawa "mji uliopotea wa mungu nyani".

Kwa hiyo tuna wachimba almasi, genge la mjini, karani wa kikoloni, udongo, mji wa msituni na wawindaji wa Yaeda. Ukitazama haraka unaona jamaa anarukaruka tu. Mimi naona kuna uzi mmoja umepita kote.

UZI WENYEWE

Benenson anavutwa na kitu kinachokaribia kuisha, au kinachosemekana kimepotea. Udongo unaisha. Mji umepotea. Wawindaji ndio wa mwisho. Na kila mara anachotaka ni kuamsha watu walio mbali ili wafanye kitu. Hiyo ni nia njema, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba "imepotea" na "wa mwisho" ni maneno ya mtu anayetazama kutoka nje.

Angalia Honduras. Ile habari ya mji uliopotea ilipotangazwa mwaka 2015, wasomi wa mambo ya kale waliandika barua ya wazi kulalamika. Walisema huwezi kusema mji umepotea wakati kuna wenyeji wa eneo hilo wenye kumbukumbu zao, na wenzao wanachuoni wamefanya utafiti kwa miaka mingi. Kwa lugha ya kijiweni: umepotea kwa nani?

Sasa rudi kwenye Boulevard Nights. Ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1979, baadhi ya hao hao watu wenye asili ya Mexico waliandamana. Walisema wanaoneshwa kama magenge na visu tu, kana kwamba mitaa yao haina walimu, mafundi wala wazazi. Wengine wakaitetea, maana kwa mara ya kwanza waliona sura zao kwenye skrini kubwa. Mabishano yakaendelea miaka na miaka, na mwaka 2017 filamu ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Wale jamaa wa Los Angeles walikuwa na nafasi ya kugomba. Filamu ilioneshwa mtaani kwao, kwa lugha wanayoijua, wakaingia, wakatoka wamekasirika au wamefurahi, wakasema. Kelele yao ikawa sehemu ya historia ya filamu. Je, Mhadzabe wa Mongo wa Mono anapata wapi hiyo nafasi? Filamu ni ya Kiingereza, inasimuliwa na mcheza sinema maarufu Alfre Woodard, inaoneshwa kwenye matamasha na vyuo vya ng'ambo. Yeye ndiye mhusika mkuu, na ndiye mtu wa mwisho kuulizwa ameionaje.

FILAMU ILIVYO

Nimpe haki yake. The Hadza: Last of the First si ile biashara ya mzungu kukunja uso mbele ya nyama ya nyani. Inawapa watu muda wa kuongea. Inaonesha watu wanavyosoma nyayo, wanavyochimba mizizi, wanavyofuata ndege wa asali, wanavyogawana nyama bila mtu kujifanya bosi. Inawaweka kwenye kamera watafiti waliokaa nao miaka mingi, siyo watalii wa siku mbili. Na inasema wazi kwamba watu hawa wanahitaji ukanda wa ardhi uliolindwa, la sivyo wamekwisha.

Hilo la ardhi ndilo linaloitofautisha na nyingi zilizotangulia. Yaeda imepigwa picha kwa muda mrefu jamani. Sean Hudson na mwanazuoni James Woodburn walitoa filamu yao kuhusu chakula cha Wahadzabe mwaka 1966. National Geographic wakaja na makala kubwa Desemba 2009. Picha hazijawahi kuwa tatizo, Wahadzabe wamepigwa picha kuliko wabunge wetu wote wakijumlishwa.

Tatizo langu ni lile jina, "wa mwisho". Ukiwaambia watu hawa ni wa mwisho, umeshawaandikia rambirambi. Wakati historia yao ya karibuni ni ya watu wanaopambana, tena kwa karatasi.

Hebu tupitie haraka. Miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha vijijini, wengi wakarudi porini. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kampuni ya uwindaji yenye mtaji wa Falme za Kiarabu kupewa eneo la Yaeda. Wahadzabe wakapiga kelele, mashirika na vyombo vya habari vya nje vikapaza sauti, na mwaka huo huo kampuni ikajitoa. Mwaka 2011 wakapata hati ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, siyo hati ya mtu mmoja mmoja bali ya jamii. Walisaidiwa na shirika la UCRT, ambalo kiongozi wake Edward Loure, mtu wa mkoa wetu huu huu wa Manyara, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja. Kisha ukaja mradi wa hewa ukaa na Carbon Tanzania: msitu usikatwe, jamii ilipwe. Mwaka 2019 Wahadzabe wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa niambie, mtu aliyeifukuza kampuni ya uwindaji, akachukua hati na akauza hewa ukaa, huyo ni "wa mwisho katika wa kwanza" au ni raia mwenye akili timamu anayejua kutumia sheria? Mimi naona ni wa kwanza kwenye mambo ambayo vijiji vingi vya Mbulu bado havijayafikia. Hebu uliza kijijini kwako kama kuna hati ya pamoja ya malisho.

JIRANI ANAYEPEWA UBAYA

Kuna jingine. Karibu kila filamu ya Wahadzabe ina adui wake, na adui huyo ni mfugaji. Ng'ombe wa Mmang'ati wanaingia, wanakunywa maji, wanyamapori wanakimbia. Mkulima wa Kiiraqw naye anateremka na jembe lake. Kamera inaonesha vumbi la mifugo, muziki wa huzuni unapigwa, basi.

Ni kweli mifugo inaingia. Sipingi. Lakini hakuna anayeuliza huyo mfugaji kasukumwa na nini. Wadatoga walikuwepo Yaeda tangu zamani, hilo tukubaliane. Ila shinikizo liliongezeka, na sababu mojawapo iko Hanang, kwenye mbuga za Basotu.

Kwa wasioijua: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali kupitia NAFCO, kwa msaada wa Canada, ilianza kilimo kikubwa cha ngano Hanang. Yakafika mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000. Ile ndiyo ilikuwa ardhi nzuri ya malisho ya Wabarbaig, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu. Wananchi wa Mulbadaw wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaupindua. Mwaka 1989 Wabarbaig wakawaandikia barua ya wazi wananchi wa Canada. Mtu wa Hanang, miaka hiyo, bila intaneti, anaandika barua kwa walipa kodi wa Canada! Hiyo peke yake ni sinema.

Kwa hiyo ukiifuata ile ng'ombe inayokunywa maji Yaeda, ukarudi nyuma nayo hatua kwa hatua, unaweza kujikuta Basotu mbele ya trekta la msaada. Malisho yakipungua huku, mifugo inasogea kule. Mhadzabe na Mbarbaig wamepambanishwa na maamuzi yaliyofanyika ofisini mbali na wote wawili. Dairekta anayekuja wiki chache akiwa na mkalimani hawezi kuiona hiyo, kwa sababu anatafuta Yaeda peke yake. Anayeweza kuiona ni mtu aliyezaliwa kati ya Katesh na Mbulu mjini, ambaye mjomba wake ana ng'ombe na shemeji yake analima ngano. Hapo ndipo ninapotaka dairekta wa hapa. Siyo kwa sababu ya rangi ya ngozi, ni kwa sababu anayajua mambo yaliyo nje ya fremu.

"LAKINI MZUNGU KAJA NA HELA YAKE"

Najua kuna mdau ataandika hivyo hapo chini, kwa hiyo nimjibu kabisa. Ni kweli, kaja na hela yake. Lakini filamu ina malighafi, na malighafi ni uso, sauti na maarifa ya mtu. Akichukua madini hapa analipa mrabaha. Akichukua picha?

Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Likaweka sharti kwamba mgeni anayepiga picha nchini akabidhi picha zake kwa Bodi ya Filamu, na serikali iweze kuzitumia kuitangaza nchi. Sasa kisheria kuna mtu Tanzania anayepaswa kubaki na nakala, hiyo ni hatua. Ila nakala inakwenda Bodi, haiendi Yaeda. Anayetangazwa ni nchi, na aliyepigwa picha hatajwi.

Upande wa pili, kijana wa hapa anayetaka kushika kamera alikutana na ukuta wake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu au chaneli ndogo alipie leseni kwa mamilioni ya shilingi. Kanuni zikabadilishwa 2020 na tena 2022, ila nyie wenyewe mnakumbuka wangapi walifunga virago 2018. Yaani mtalii anaweka video ya Yaeda akiwa kwao bila kuulizwa, kijana wa Dongobesh aliambiwa leta leseni.

TUNAWEZA? TUNAWEZA

Wengine watasema hatuna uwezo wa kutengeneza filamu ya maana bila vifaa vya milioni mia. Nawakumbusha Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1992 alitoa These Hands, dakika kama 45 hivi, kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Hakuna anayekuambia uwaonee huruma. Unaona mikono, nyundo na jiwe, unasikia nyimbo zao, mpaka mwenyewe unaanza kupiga hesabu ndoo moja inauzwa bei gani. Filamu hiyo inafundishwa vyuo vya nje mpaka leo. Haikuhitaji kuwaita "wa mwisho" wala "waliopotea".

Na hivi karibuni tumeona wenyewe nguvu ya kamera ya mkononi. Desemba 3, 2023 tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na Gendabi, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha za simu za wananchi, zikitetemeka, mtu anahema, zikasambaa nchi nzima. Rais Samia akakatisha safari yake ya mkutano wa tabianchi Dubai akarudi. Sisemi video ndiyo iliyomrudisha. Nasema nchi iliiona Katesh kwa macho ya watu wa Katesh. Tatizo ni kwamba wiki chache baadaye kila kitu kikanyamaza. Simu inaonesha tope linavyoshuka, ila kueleza kwa nini watu walijenga pale, nani alihamishwa wapi na akapewa nini, hiyo inataka mtu wa kukaa na jambo mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi ya dairekta, na Benenson anatufundisha hapo: jamaa anang'ang'ania jambo mpaka liishe.

NINACHOPENDEKEZA

Mambo manne tu, wala siyo ya bajeti kubwa.

Moja, kila filamu inayopigwa Yaeda au kwa Wabarbaig iwe na toleo la Kiswahili, na ikiwezekana sauti za Kihadza na Kidatoga zibaki zisikike chini. Kama wale jamaa wa vibanda umiza wanaweza kutuhadithia filamu za Kichina na Kikorea kwa Kiswahili mpaka bibi anaelewa, hili linashindikanaje?

Mbili, kabla ya kuoneshwa tamasha lolote la nje, ioneshwe kijijini. Jenereta, shuka jeupe, projekta, basi. Watu wapewe nafasi ya kusema "hapa umetudanganya".

Tatu, sehemu ya ada za vibali vya kupigia picha ibaki halmashauri kwa ajili ya kufundisha vijana wa hapo kamera, sauti na kuhariri. Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw, Wanyaturu, wote wachanganywe darasa moja.

Nne, chuo au taasisi yoyote iliyohifadhi picha za zamani, kuanzia zile za 1966, ilete nakala Mbulu. Kuna watu watawaona babu zao wakiwa vijana.

Benenson simchukii. Kamera yake imewasaidia watu wengi kuijua vita ya ardhi ya Yaeda. Ila filamu aliyoipiga yeye inaishia pale macho yake yalipoishia, na ile ya kuunganisha Yaeda na Basotu bado haijapigwa. Kama kuna kijana wa Mbulu au Hanang ana simu nzuri na subira, kazi ipo. Mwenye majina ya wazee wa Mulbadaw waliokwenda mahakamani awaendee mapema, umri nao unakwenda.

Haya wadau, mnasemaje? Mgeni apigwe stop, awekewe masharti, au aachwe tu? Mlioko Yaeda na Basotu mwanze nyie. Matusi sitapitisha.

Nawasilisha.